Nani Atashika Daftari la Masisi?

Baada ya Misa watu husimama mlangoni mwa kanisa na kuongea, na mazungumzo yale ni mahubiri ya pili, mara nyingine yenye nguvu kuliko yale ya padre. Hapo ndipo tunaposikia neno hili, tena na tena, kila kijana wetu anapopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea utawala wa serikali pamoja na wenzake wa mataifa mengine: "Utawala! Je, utawala nao ni masomo? Angesomea udaktari tungemwelewa. Angesomea kujenga madaraja tungepata barabara ya Walikale. Masisi inataka amani na unga, haitaki makaratasi."

Neno hili ni tamu masikioni, nalo ni uwongo. Tena ni uwongo wa hatari, kwa maana makaratasi yalitangulia bunduki huku kwetu.

Tazameni mambo yalivyokwenda. Mwaka 1937 Serikali ya Wabelgiji ilianzisha shirika la kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta katika milima ya Masisi, maelfu kwa maelfu. Karani akaandika, ardhi ikapimwa, usultani wa Gishari ukaundwa kwa ajili ya wageni hao katikati ya nchi ya Wahunde. Mwaka 1957 karani mwingine akaufuta. Mwaka 1972 ikatoka sheria kwamba waliotoka Rwanda na Burundi na kukaa Kivu kabla ya 1950 ni raia. Mwaka 1981 ikatoka sheria nyingine, ikawanyang'anya uraia ule. Mwaka 1991 wakaja wahesabu wa raia, na hesabu yenyewe ikazaa ghasia Masisi. Mwezi Machi 1993 watu wakauawa sokoni Ntoto, kule Walikale, na moto ule ukapanda mpaka Masisi, ukala maelfu ya Wahunde, Wanyanga, Wahutu na Watutsi. Sisemi makaratasi peke yake yaliua. Mkono wa mtu ndio ulioua, na dhambi ni ya mwenye mkono. Lakini panga lilikuta kuni zimekwisha kupangwa, na aliyezipanga alikuwa amekaa kwenye kiti, na kalamu mkononi, bila kujua au bila kujali.

Basi mtu aniambie tena kwamba utawala si masomo.

Wabelgiji wenyewe walijua kuwa ni masomo, ndiyo maana hawakutufundisha. Chuo Kikuu cha Lovanium, kazi ya Wakatoliki, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Siku ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye digrii ya chuo kikuu hawakufika hata 30, na katika vyeo vya juu vya Serikali, zaidi ya 4,000, Wakongo walikuwa 3. Watatu! Shule ya taifa ya sheria na utawala ilifunguliwa mwaka 1961, nyumba ilipokuwa imekwisha kushika moto. Sisi tunaocheka vijana wanaosomea kazi hii tunarudia shauri la mkoloni kwa hiari yetu.

Wako wengine wenye hoja nzito zaidi, nami siwezi kuwapita hivi hivi. Wanasema: "Atakuja kutawala wapi? Tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya wanajeshi na polisi, na viti vya utawala wa teritwari wakapewa wao. Januari 2025 mji wa Masisi ukaangukia mikononi mwa M23. Machi mwaka huohuo wakaingia hata Walikale, wakakaa kama majuma mawili. Msomi wako atakaa kwenye kiti gani?"

Ni kweli, maofisi yamevunjwa. Lakini fikirini siku watu watakaporudi makwao, kwa maana vita vyote vina mwisho. Siku ile mtu atasimama mbele ya meza na kuulizwa: wewe ni nani? Shamba hili ni la nani? Mtoto huyu alizaliwa wapi? Sheria inataka mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Mama aliyekuwa akikimbia msituni usiku, na mtoto mgongoni, aliandikisha kwa nani? Maswali yatakuwa yaleyale ya mwaka 1991. Akiyauliza mtu asiyejua kazi, au anayejua lakini amekwisha kununuliwa na upande mmoja, tutaanza upya. Wanaotaka kutuandalia mtu wa meza ile waanze leo, kwa kuwa mtu wa namna hiyo haandaliwi kwa juma moja.

Na Walikale je? Bati la Bisie lilianza kuchimbwa kwa mitambo mikubwa mwaka 2019. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema kwamba katika ushuru wa madini sehemu 15 kwa mia ni haki ya sekta au usultani wenye machimbo. Jambo zuri sana kwenye karatasi. Sasa niambieni, ni wangapi katika sekta wanaoweza kuifuata fedha ile kutoka daftari moja hadi jingine, kuuliza imefika lini na imetumika wapi, bila kutishwa kwa maneno makubwa ya Kifaransa? Asiyejua kusoma daftari huibiwa mchana, naye akashukuru.

Nimewagombeza wenye mzaha. Sasa zamu ya vijana wenyewe, na yetu sisi wazazi.

Kijana, kwa nini unakwenda? Nawajua wanaotafuta nafasi hizi kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea tu. Masomo ni jina, safari ndiyo nia. Hata Wamarekani wameliona hilo: wanaosomeshwa kwao kwa fedha ya Serikali, kama wale wa mpango wa Fulbright, hufungwa na sharti la kurudi makwao miaka miwili kabla ya kuomba kukaa kule. Ni aibu kwamba mgeni ndiye aliyetunga sharti hilo, si sisi. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mtazameni Julius Nyerere. Alikuwa mwalimu Mkatoliki wa St. Mary's, Tabora, alipopata nafasi ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mwaka 1952 alirudi, si kwenye kiti cha enzi, bali kwenye ubao na chaki, shuleni Pugu. Alikwenda akiwa na kazi, akarudi kwenye kazi. Wetu wengi hatuwapeleki hivyo. Tunampeleka aliye na mjomba Kinshasa, ambaye hajapata kukaa hata mwezi mmoja katika ofisi ya sekta, hajui mpaka wa shamba unavyosuluhishwa, wala Mwami anavyosalimiwa. Huyu atajifunza nini huko?

Aliyekwisha kufanya kazi atajifunza mengi. Ataona karani anayetoa cheti bila kuuliza kabila wala kungoja kitu chini ya meza. Zaidi ya hayo, katika darasa moja Mhunde atakaa na Mhutu, Mkongo atakaa na Mnyarwanda na Mganda, nao watagombana kwa hoja mpaka usiku kisha wapike pamoja. Jambo hilo Masisi limekuwa gumu. Litendeke basi hata kwenye baridi ya ugenini. Na tusisahau kwamba kubadilishana ni kupeana. Wageni wamekwisha kuandika vitabu juu ya ardhi ya Masisi, tena vingine vizuri, kwa lugha ambazo mwenye ardhi hasomi. Yafaa na sisi tuandike.

Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, aliwakumbuka vijana wanaokwenda kusoma katika nchi tajiri, akataka wapokewe kindugu wasije wakapotea. Lakini mapokezi ya nyumbani je? Anaporudi tunachinja mbuzi, tunaimba, na kabla nyama haijaiva mtu ananong'ona: "Sasa umtafutie mdogo wako kazi." Wa pili anataka shamba la jirani. Wa tatu anasema, "Sasa tumepata mtu wetu." Mtu wetu! Ndivyo tunavyomharibu siku ya kwanza, kisha mwaka wa pili tunalalamika kwamba ni mla rushwa.

Kwa hiyo naomba neno moja kwa mapadre na halmashauri za parokia. Kijana akija kuomba barua ya sifa kwa ajili ya masomo haya, asipewe mpaka awe ametumika miaka miwili katika ofisi ya sekta, au Caritas, au katika kambi ya wakimbizi akiandika majina. Na wazazi wake waahidi mbele ya paroko kwamba akirudi hawatamwomba kazi wala shamba. Kama ahadi hiyo inawashinda, barua ibaki mezani.

Mahali pengi ofisi za Serikali zimechomwa, na kitabu cha ubatizo ndicho kilichobaki kumwambia mtu alizaliwa lini na kwa wazazi gani. Kijana anayetaka kusomea utawala anaweza kuanza hapo, Jumatatu asubuhi, kwa kunakili majina.