Kinachokosekana ni Faili la .h
Na Mwana wa Nyambene

Programu ya hifadhidata inayojengwa kutoka kwenye msimbo wake haijitoshelezi. PostgreSQL hutegemea maktaba zilizoandikwa na watu wengine: ICU kwa kanuni za lugha, readline kwa kuhariri amri, zlib kwa kubana data. Kabla ya kujenga chochote, hati iitwayo configure huzitafuta, na ikikosa moja husimama papo hapo. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Meru kilichoko Nchiru, au wa Chuo Kikuu cha Embu, mwenye Ubuntu mpya huzuiwa kwanza na ICU. Akiipata, hudaiwa readline, kisha zlib.

Ajabu ni kwamba maktaba hizo mara nyingi zimo tayari kwenye kompyuta. Yanayokosekana ni mafaili ya .h, yanayoieleza kompaila kazi zilizomo na namna ya kuziita. Ubuntu na Debian huyaweka katika vifurushi vya pembeni: libicu-dev, libreadline-dev, zlib1g-dev. Kwenye Fedora majina huishia na -devel. Ujumbe wa kosa ukiwa mfupi mno, sababu kamili imo katika config.log, faili ambalo wengi hawalifungui kamwe. Tangu toleo la 17 la mwaka 2024, Bison, Flex na Perl nazo ni za lazima.

Wapo wanaokwepa deni kwa kuandika --without-readline. Hasara yake ni ndogo: psql, programu ya kuandikia amri za hifadhidata, hukosa kumbukumbu ya amri zilizopita. Kuikataa ICU, inayohitajika tangu toleo la 16 isipokuwa mtu aizime, ni jambo zito zaidi. Bila ICU, upangaji wa maneno huachiwa mfumo endeshi, na ukichaguliwa mpangilio wa baiti, herufi ĩ na ũ za Kimeru na Kiembu hutupwa nyuma ya z. Orodha ya majina ya wakulima ikipangwa hivyo haifai kitu.

Amri ya apt-get build-dep, ikipewa jina la kifurushi chenye namba ya toleo kama postgresql-16, huleta vyote kwa mkupuo, lakini huburuta hata LLVM na vifaa vya kuandalia hati, mzigo usiomfaa anayenunua bando. Afadhali kuchagua vifurushi kimoja kimoja. Maabara ya chuo nayo ingeweka apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja, ili kifurushi kishushwe mara moja na kutumiwa na darasa zima. Kwa nini hili lisiwe desturi ni vigumu kuelewa.

Kazi hii ya kujenga kutoka kwenye msimbo, hata hivyo, ni ya kujifunzia au ya mwenye hitaji maalumu. Kituo cha afya kinachotumia KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao data yake hukaa kwenye MySQL, hakina sababu ya kujijengea hifadhidata: vifurushi vya mfumo endeshi hupokea marekebisho ya usalama bila mtu kukompaili upya.

Kwa anayejijengea, configure ikipita, amri ya make hujenga programu; baada yake kuna make check ya majaribio, kisha make install, inayoweka kila kitu katika /usr/local/pgsql. Hapo psql inaweza kulalamika kwamba libpq.so.5 haionekani. Maktaba ipo, ni mfumo usiojua pa kuitafuta, na ldconfig ikielekezwa kwenye /usr/local/pgsql/lib humaliza shida hiyo.