Eropleni Nyekundu ya Mwaka 1934

Wazee wetu walisema, "Kitunze kidumu." Maneno ni mawili tu, lakini kazi iliyomo ndani yake si ndogo. Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za eropleni moja ya mashindano iliyoko Uingereza, ambayo ilikaribia sana kuoza na kusahauliwa, ili tupime pamoja maana ya kutunza.

Mwaka 1934 jimbo la Victoria katika Australia lilisherehekea miaka mia moja. Tajiri mmoja wa Melbourne, Sir MacPherson Robertson, aliyepata mali yake kwa kutengeneza peremende na chokoleti, akatoa zawadi ya pauni 10,000 na kikombe cha dhahabu kwa atakayeshinda katika kuruka kutoka Uingereza mpaka Melbourne, safari ya maili 11,300 hivi. Kiwanda cha de Havilland kikaunda eropleni tatu za namna moja, zikaitwa Comet. Zilikuwa za mbao, zenye mabawa membamba na injini mbili, na magurudumu yake yalikunjwa kwa nguvu za mkono. Moja ilipakwa rangi nyekundu, ikapewa jina la hoteli ya London, Grosvenor House.

Marubani wake walikuwa C. W. A. Scott na Tom Campbell Black. Huyu wa pili hakuwa mgeni kwetu Kenya, kwani alikuwa rubani wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929. Tena ndiye aliyemwokoa Ernst Udet, rubani mashuhuri wa Kijerumani, alipokwama katika mabwawa ya Sudan mwaka 1931.

Waliondoka Mildenhall alfajiri ya tarehe 20 Oktoba. Wakapitia Baghdad, Allahabad na Singapore. Walipokuwa juu ya bahari, karibu kufika Darwin, injini moja ikawasumbua, wakafika huko kwa injini moja tu. Hata hivyo hawakukata tamaa, wakaingia Melbourne tarehe 23, kwa muda wa siku tatu kasoro saa moja hivi. Safari hiyo kwa meli ilikuwa ya majuma mengi.

Mtu angedhani eropleni yenye sifa kama hizo ingewekwa mahali pa heshima. Haikuwa hivyo. Serikali iliichukua kuijaribu, ikaharibika katika kutua, kisha ikauzwa kama kitu kisichofaa tena. Mafundi wa Gravesend wakaitengeneza, nayo ikawalipa fadhila: mwezi wa Novemba 1937 ilikwenda Cape Town na kurudi Uingereza upesi kuliko nyingine yo yote kabla yake, na mwaka 1938 ikaenda New Zealand na kurudi. Vita vilipokuja mwaka 1939 ikaachwa Gravesend miaka mingi, wala hapakuwa na mtu wa kuishughulikia. Mwaka 1951 ilipakwa rangi upya ili itazamwe na watu katika maonyesho makubwa ya London. Ndipo mwaka 1965 ilipopewa makumbusho ya Shuttleworth, huko Old Warden.

Hapa ndipo penye swali gumu. Je, kitu cha kale kikae kimya kitazamwe, au kifanye kazi yake? Eropleni nyingine ya mashindano, Supermarine S.6B, iliyoshinda mwaka 1931, imo ndani ya Science Museum mjini London. Hairuki, wala haitaanguka, na kila mtu aweza kuiona. Lakini watu wa Shuttleworth walifuata njia nyingine. Mbao zilizooza zilitolewa, viungo vilivyoachana vikaungwa upya, injini zikafunguliwa, na mwaka 1987 Comet ikaruka tena. Mwaka 2002 magurudumu yake yalishindwa kuihimili ilipokuwa ikitua, ikaumia. Kazi ikaanza tena, hata mwaka 2014 ikaruka kwa mara nyingine.

Wengine husema huo ni ujinga, kwa kuwa ikianguka hakuna nyingine ya kuiweka mahali pake. Tena wauliza: mbao zikibadilishwa hivi, je, ni ile ile? Mkulima ana jibu lake. Jembe la baba likivunjika mpini hutiwa mpini mpya, na bado twaliita jembe la baba. Walakini jibu hilo lina mpaka wake, maana mpini na jembe vyote viwili vikibadilishwa, hakuna cha baba kilichosalia. Kwa hiyo fundi mwema hubakiza kila kipande cha zamani kinachoweza kubaki, na huandika katika kitabu kila kilichobadilishwa, ili watakaokuja wasidanganyike.

Mimi naona njia zote mbili ni njema, mradi kuna mtu wa kuiangalia kazi kila siku. Iliyo ndani ya nyumba huliwa na unyevu na jua la dirishani. Irukayo huchakazwa na safari. Kilichotaka kuiua eropleni hii nyekundu ni ile miaka ya Gravesend, ilipokuwa haina mwenyewe. Basi, ndugu msomaji, tazama nyumbani kwako. Kama kuna ngoma, kigoda au barua za babu zilizosahauliwa darini, zishushe leo, uzipanguse, uandike zilikuwa za nani. Kesho mchwa watakuwa wametangulia.