Daftari la shule latosha kuweka kumbukumbu za afya

Baadhi ya wagonjwa wangu wameanza kuvutiwa na shajara ya vitone, ile iitwayo Bullet Journal. Aliyeitangazia dunia mtindo huo mwaka 2013 ni Ryder Carroll, mbunifu wa New York, Marekani, ambaye tangu utotoni alitatizwa na akili isiyotulia mahali pamoja. Alichohitaji kilikuwa daftari na kalamu tu. Mengineyo yalikuja baadaye: karatasi nzito zenye vitone, kalamu za rangi chungu nzima, vibandiko na utepe wa maua. Aghalabu mtu huhesabu gharama akaahirisha, au hununua vyote kisha akaogopa kuuchafua ukurasa wa kwanza.

Kwa maoni yangu, mwenye shinikizo la damu au kisukari hana haja ya kungojea vifaa hivyo. Nunua daftari la hisabati, lile la vijumba, lenye kurasa 96. Vijumba hufanya kazi ile ile ya vitone, yaani kupanga tarakimu na kuchora jedwali. Chagua dogo linaloingia mkobani, kwani daftari linalobaki nyumbani halimfai daktari. Lililofungwa kwa waya wa kuzunguka silipendi. Karatasi zake hunyofoka. Kalamu iwe biro ya kawaida. Wino mwepesi hupenya karatasi nyembamba, na tone la maji likiuangukia, 150 haisomeki tena. Ongeza rula. Majibu ya maabara yaliyochapishwa kwenye karatasi kama ya risiti hufifia, kwa hivyo yanakili kwa mkono.

Zipe kurasa nambari, na mbili za mwanzo uziache kwa faharasa. Kitone ni jambo la kufanywa, duara ni tukio, kistari ni maelezo. Jambo likitimizwa hutiwa alama ya X. Lisipotimizwa, huwekewa mshale na kuandikwa upya siku ya mbele.

Mshale huo ndio unaonivutia mimi kama daktari. Mgonjwa huja presha ikiwa 170 kwa 100. Ukimuuliza iwapo anameza dawa, hujibu, "Ndiyo, daktari," kwa heshima tu. Daktari mwenye foleni ndefu nje huamini kuwa dawa imeshindwa, akaongeza ya pili. Lakini daftari likionyesha "nunua dawa" ikisukumwa kutoka Jumatatu hadi Alhamisi, kisha hadi mwisho wa mwezi, hapo yajulikana kwamba kilichopungua ni pesa. Mtu asiyeweza kununua kidonge cha kwanza akiandikiwa na cha pili, huenda asinunue hata kimoja. Au siku atakayopata fedha atavianza vyote kwa pamoja, shinikizo lishuke ghafla aanguke bafuni. Heri kutafuta dawa ya bei nafuu, na daftari ndilo litakalomwambia daktari aitafute.

Kuhusu vipimo vya presha, keti utulie dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni. Andika vyote, hata kile kisichokupendeza. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, mwone daktari.

Wapo watakaosema simu hufanya haya yote. Ni kweli, hadi iibwe katika matatu au iishiwe na moto ukiwa mbele ya daktari. Kina mama wa Kenya wamebeba kijitabu cha afya ya mama na mtoto kliniki kwa miaka mingi, na muuguzi huzijua chanjo za mtoto kwa kutupa jicho mara moja. Sioni kwa nini baba wa miaka 50 asibebe chake.

Katika ukurasa wa mwisho, andika jina la kila dawa na miligramu zake kama zilivyo kwenye pakiti, na dawa zinazokudhuru uzipigie mstari chini. Huo ndio ukurasa utakaotafutwa na atakayekupokea hospitalini iwapo utafikishwa huko huwezi kusema.