Shamba Bila Udongo Tunalo Tayari

Kijana wa Diani, kule London watu waliwahi kulima mboga mita 33 chini ya ardhi, ndani ya handaki la Vita vya Pili vya Dunia. Taa na maji tu, udongo hakuna. Maajabu, si ndiyo?

Basi shuka Kibuyuni bahari ikipwa. Akina mama wanafunga mwani kwenye kamba, baada ya wiki kama sita wanavuna. Hakuna udongo, hakuna mbolea, hakuna bili ya stima.

Shida iko sokoni. Mwani mkavu unauzwa kwa kilo, bei anapanga mnunuzi. Uteute wake unaingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu, tunauziwa ghali. Wapo kina mama walioanza kutengeneza sabuni. Sisi tuko wapi? Kusindika, kupakia, kutafuta soko mtandaoni: hizo ni kazi zetu. Kamba mama zetu washafunga. Faida ikienda nje, tusimlaumu mtu.