Mtoto Kapata Leseni, Mama Hapati Usingizi

Ukurasa wa Wazazi na Vijana

 

Mwezi huu tumepata barua ya mama mmoja wa Kudhaa, ametuomba jina lake tusilitaje. Mwanawe aliondoka mwaka 2023 pamoja na babake, wakapelekwa mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Faili la mama likabaki nyuma. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, basi mama yuko huku na mtoto yuko kule. Anaandika hivi:

“Mwanangu ana miaka 17. Juzi kanipigia simu kwa furaha, kapata leseni ya gari. Babake alikuwa nahodha, gari haijui. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, hutoka saa tisa usiku. Sasa anataka mtoto awe anakwenda kumchukua, na mchana awapeleke watu mjini kwa shughuli zao. Mtoto kaniambia siri kwamba mjini kunamtisha, magari ni mengi na kupaki kunamshinda, ila kumwambia babake anaona haya. Mimi niseme nini? Nikikataza, nitaonekana naingilia nyumba ya watu. Nikinyamaza, silali.”

Mama, kwanza pokea hongera. Mtoto aliyetoka hapa, akasoma sheria za barabarani kwa Kiingereza akafaulu, si jambo dogo. Hofu yako pia si ya bure. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie ati unaogopa kwa sababu hujawahi kuona mji.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Kuna mambo ya sheria na kuna mambo ya mkono, tusiyachanganye.

Sheria ya Ohio haimhesabu kijana wa miaka 17 kuwa dereva kamili. Leseni aliyopewa ni ya majaribio. Kabla ya kuipata alitakiwa kukaa darasani saa 24, kuendesha na mwalimu saa 8, na kufanya mazoezi na mtu mzima mwenye leseni saa 50, na kati ya hizo 10 ziwe za usiku. Akishaipata, katika miezi 12 ya kwanza, haruhusiwi kuendesha kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri, ila awe na mzazi au mlezi wake ndani ya gari. Kuna ruhusa kwa anayekwenda kazini kwake mwenyewe au shughuli ya shule, lakini awe na karatasi ya kuonyesha. Pia asipakie zaidi ya mtu mmoja asiyekuwa wa familia yake, kama hana mzazi pembeni. Na kila aliyemo ndani afunge mkanda.

Basi jibu la lile la saa tisa usiku liko wazi. Kurudi, baba atakuwa naye ndani ya gari, haya. Lakini kwenda kumchukua, kijana atakuwa peke yake, na sheria inamkataza. Wala si wewe unayekataza, mama. Ni serikali ya Ohio. Hilo unaweza kumwambia mwenzako bila kugombana.

Mwambie na jambo la pili, maana huenda alitia sahihi bila kuelezwa. Kule mtoto chini ya miaka 18 hapewi leseni mpaka mtu mzima atie sahihi kwenye fomu yake. Kwa sahihi ile, mtoto akisababisha hasara kwa uzembe, aliyetia sahihi naye anaweza kudaiwa. Kwa hiyo baba ahakikishe gari lina bima, na jina la kijana limeandikwa kwenye bima hiyo. Bima ya kijana ni ghali, ndiyo, na wengine hulificha jina ili walipe kidogo. Siku ya ajali ndipo kampuni inapouliza nani alikuwa kwenye usukani.

Na kazi ya baba je? Hatusemi aache kazi, maana tunajua ni watu wangapi huku wanakula kwa mshahara ule. Atafute mwenzake wa zamu ile ile mwenye gari, wachangiane mafuta. Aombe zamu ya mchana nafasi ikipatikana. Na la kudumu zaidi, ajifunze yeye mwenyewe. Ohio mtihani wa sheria za barabarani unafanyika hata kwa Kisomali. Mtu aliyepitisha chombo usiku kati ya miamba ya Kudhaa na Koyama, gari halimshindi akitulia.

Sasa mambo ya mkono. Mwanao kasema kupaki kunamshinda. Wengi watacheka, “Leseni umeipataje?” Wasimcheke. Katika mtihani wa Ohio hawamwambii mtu aingize gari kati ya magari mawili yaliyopaki kando ya barabara. Wanapanga koni, anapita mbele na kurudi nyuma katika nafasi ya futi 9 kwa 20, yaani kama mita 2.7 kwa 6, na hakuna gari la mtu pembeni. Kwa hiyo kijana anaweza kufaulu vizuri kabisa na asiwe amewahi kupaki mjini hata siku moja. Ni jambo la kujifunza baada ya leseni. Alijifunze hivi:

Aanze Jumapili asubuhi, mji ukiwa mtulivu, na mtu mzima mwenye leseni pembeni yake. Atafute nafasi yenye urefu wa gari lake na nusu. Asimame sambamba na gari la mbele, aangalie vioo vyote, kisha ageuze kichwa aangalie nyuma kwa macho, maana kioo hakionyeshi kila kitu. Arudi polepole akikata usukani kuelekea ukingo, halafu anyooshe. Ikikataa, atoke aanze upya. Wa nyuma akipiga honi, na apige.

Na ajue mahali pasipopakiwa. Ohio inataka tairi zisiwe mbali na ukingo zaidi ya inchi 12, kama sentimita 30. Asipaki chini ya futi 10 (mita 3) kutoka bomba la maji la wazima moto, wala chini ya futi 20 (mita 6) kutoka kivuko cha watu kwenye njia panda, wala chini ya futi 30 (mita 9) kabla ya alama ya kusimama. Nafasi za walemavu asiziguse hata kwa dakika moja. Kibao cha barabarani akisome chote, kwa sababu nafasi iliyo halali saa nne asubuhi huenda saa kumi jioni gari likavutwa, na kulikomboa ni pesa nyingi.

Kuna na hili la upande. Kwetu Kismayo gari hupita kulia. Mwanao kakulia Kenya, ambako gari hupita kushoto. Marekani ni kulia tena. Jicho lililozoea upande mmoja halibadiliki kwa siku mbili, hasa mtu akitoka kwenye maegesho au akikata kona huku ana wasiwasi. Barabara nyingi za katikati ya Columbus ni za kwenda upande mmoja tu, na barabara kuu mbili, ya 70 na ya 71, zinakutana hapo hapo mjini, magari yanabadilisha njia kwa kasi. Akikosa kona yake asikate ghafla. Aende mbele, atazunguka. Kuchelewa robo saa hakujaua mtu.

Kuhusu kupeleka watu mjini: kuwasaidia jamaa ni jambo jema, lakini gari si mashua ya kupakia kila aliye pwani. Wakimjia wageni watatu, awaambie, “Sheria hainiruhusu mpaka mwaka uishe.” Hapo hajamvunjia mtu heshima. Baba amsaidie kwa kulisema yeye kwanza mbele ya watu, ili mtoto asibaki peke yake kukataa wakubwa.

Mwisho, mama, kuna kazi ambayo ni yako wewe, na unaweza kuifanya kutoka hapa. Ohio inamkataza dereva wa chini ya miaka 18 kutumia simu akiendesha, hata bila kuishika. Na sisi huku tunapiga simu usiku, kazi zikiisha na mtandao ukitulia. Saa nne usiku yetu, kwao ni saa tisa mchana majira ya joto na saa nane majira ya baridi. Ni saa watoto wanapotoka shule. Simu ikilia na jina ni “Mama”, mtoto gani ataiacha? Basi patana naye: kabla ya kuwasha gari anazima simu, akifika anakupigia yeye. Usipopokelewa, usirudie mara kumi. Subiri.

Umuulize mambo haya, kwa upole: Nani alikaa nawe mara ya mwisho ulipokwenda mjini? Bima ina jina lako? Ushajaribu kwenye theluji, mahali patupu, kabla ya kuingia barabarani? Nani umemkatalia lifti? Usimuulize kama anaogopa. Akitaka atakwambia mwenyewe, kama alivyokwisha kufanya. Na kijana anayekiri kwamba mjini kunamtisha ni wa kutumainiwa kuliko yule anayesema anaweza yote.

Kwa nyinyi vijana wetu mlio hapa kambini: Kenya leseni ya gari ni kuanzia miaka 18. Kabla ya hapo jifunzeni alama za barabarani, hizo hazina umri, na mvukapo njia hapa tazameni kulia kwanza.

Barua zenu leteni kama kawaida. Mwezi ujao, inshallah. Wasalaam.