Kimya Hakijawahi Kuokoa Soko

Hoja ya wapinzani wangu mmeisikia: kutangaza mlipuko wa ugonjwa hufukuza wateja, kwa hiyo nchi inayojali uchumi wake inyamaze na itibu kimyakimya. Ninyi ndio mahakimu. Pimeni ushahidi walioleta wao wenyewe.

Wanaanza na sangara. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Ziwa Victoria kwa sababu ya kipindupindu, na viwanda vya Mwanza vikaumia. Ni kweli. Ila kisa hawakimalizi. Shirika la Afya Duniani halikuona msingi wa zuio hilo, na katikati ya 1998 zuio likaondolewa. Utetezi wa aina hiyo husimama juu ya vipimo. Aliyeficha wagonjwa angejitetea kwa karatasi gani?

Pili, wanadai watalii hukimbia tangazo. Mwaka 2014 Ebola iliua maelfu Guinea, Liberia na Sierra Leone, na watu wakafuta safari za Serengeti. Tanzania haikuwa imetangaza Ebola. Haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Kutoka Monrovia, Liberia, Madrid ni karibu kuliko Arusha. Tangazo lililowafukuza lilikuwa lipi? Waliogopa kwa sababu hawakujua, na asiyejua hatulizwi kwa kufichwa zaidi.

Tegemeo lao kubwa ni korona. Tanzania iliacha kutoa takwimu mwishoni mwa Aprili 2020, na uchumi haukusinyaa. Nakubali, haukusinyaa. Lakini wamefunga maamuzi mawili katika furushi moja: kutofunga shughuli, na kutotoa takwimu. Mama aliyeendelea kuuza mahindi sokoni alinufaika na uamuzi wa kwanza. Wa pili ulimpa nini? Uswidi iliacha maduka wazi na bado ikatangaza wagonjwa wake. Mzigo wa mashaka ulimwangukia dereva wa lori: Mei mwaka huo Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, ikataka kila dereva apimwe, na Namanga kukawa na foleni za siku kadhaa. Wanasema kimya kinamlinda mfanyabiashara, na huyo aliyekwama na shehena yake mpakani ni nani?

Takwimu zilianza kutolewa tena mwaka 2021. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limezidai kabla ya kukopesha. Septemba mwaka huo likaidhinisha dola milioni 567.