Barakoa na Kinyago

Wako wenzetu wasemao kwamba sinema ya watoto haistahili kukaliwa kikao na watu wazima. Sisi hatukubaliani nao. Utamaduni wa taifa hauingii nyumbani kwa mlango wa shule peke yake. Huingia pia kwa dirisha la starehe, na kiingiacho kwa dirisha hakipigi hodi. Kasumba inayohubiriwa jukwaani yaweza kujibiwa. Iliyo hatari zaidi ni ile inywewayo pamoja na kicheko. Kwa sababu hiyo twataka kuijadili hapa sinema moja ya zamani ambayo wapenzi wake wangali wakiisifu, na ambayo siku hizi haihitaji hata jumba la sinema ili imfikie mtoto.

Mwaka 1943 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sinema ya mfululizo iitwayo The Phantom. Kwa Kiswahili tungemwita shujaa wake Mzuka. Kisa kilitokana na katuni za magazetini alizozianzisha Lee Falk mwaka 1936. Mwongozaji alikuwa B. Reeves Eason, na aliyeivaa barakoa ya Mzuka ni Tom Tyler. Sinema za namna hiyo zilikatwa vipande. Hii ilikuwa na vipande 15, na kila juma kilionyeshwa kimoja. Mwishoni mwa kipande shujaa huachwa katika ncha ya mauti; juma lifuatalo twaonyeshwa kwamba aliponyoka dakika ya mwisho. Mtoto alilipa tena kiingilio ili ahakikishe jambo ambalo moyoni mwake alikwisha kulijua. Vijana wa miji yetu, waliokua wakitazama sinema za Marekani, Bara Hindi na Hong Kong, walilitolea jambo hilo hukumu fupi: steringi hafi.

Lakini katika kisa cha Mzuka kutokufa si desturi ya sinema tu. Ndiyo nguzo ya kisa chenyewe. Mzungu mmoja aliyefunika uso akaa pangoni, juu ya kiti cha enzi, na makabila ya msituni yamtii kwa kuamini kwamba hafi. Hakika yake ni kwamba hufa kama mtu yeyote. Mwanzoni mwa sinema hiyo Mzuka mzee anauawa, na mwanawe anavaa nguo zilezile na barakoa ileile, anaketi palepale, na amri zinaendelea. Katika katuni, mchezo huo umerithishwa toka baba hadi mwana tangu karne ya 16, hata tukafika kwa Mzuka wa 21. Kwa muda wa zaidi ya miaka 400, kizazi baada ya kizazi cha wenyeji kinainamia kaburi lililovishwa nguo, kikidhani ni mtu mmoja.

Sasa na tuulize swali ambalo sinema yenyewe hailiulizi: ni nani ajuaye siri hii? Mtazamaji anaijua tangu dakika za kwanza. Yule mtoto aliyeketi gizani katika mji wa Marekani anaijua. Wasiri wachache wa Mzuka wanaijua. Wasioijua ni umma wa msituni, yaani wale tu ambao maisha yao yanatawaliwa nayo. Raha yote ya sinema imejengwa juu ya tofauti hiyo. Mtazamaji anakonyezwa jicho na shujaa, na wote wawili wanamcheka mwenyeji kwa siri. Na mtoto wetu akiketi kuitazama sinema hiyo, atakonyezwa yeye pia. Atafurahi kuwa miongoni mwa wajuao, bila kutambua kwamba anayechekwa ni babu yake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na siku za mwizi ni arobaini. Katika msitu wa Mzuka njia ya mwongo ni ndefu kuliko historia ya mataifa mengi, na siku za mwizi hazina hesabu. Je, ni watu gani hao wawezao kudanganywa hivyo? Watu wa msituni ni watu wasomao nyayo. Mwindaji hutazama alama ya kwato mavumbini akakuambia mnyama amepita lini, na kama amejeruhiwa mguu wa kushoto au wa kulia. Mtu huyo huyo twaambiwa hakutambua, mara ishirini, kwamba sauti ya mfalme wake imebadilika, kimo chake kimebadilika, na kishindo cha miguu yake si kile cha jana! Ili Mzuka awe na akili, wenyeji wote hawana budi kunyimwa macho.

Wala mahali hapakuwa na maana kwa watungaji. Katika katuni za mwanzo msitu huo uliwekwa pande za Asia. Baadaye ukahamishiwa Afrika. Watu weusi au wa rangi ya kunde, Waasia au Waafrika, kwao walikuwa pambo moja la ukutani. Sinema ilipigwa California. Na ugomvi wenyewe wa sinema ni nini? Ni mji wa kale uliopotea, ambao njia yake imechorwa juu ya vipande vya pembe za ndovu. Wageni wabaya wanautaka ili wajenge kiwanja cha siri cha ndege. Wageni wema wanautaka kwa ajili ya elimu yao. Mwenye mji haulizwi.

Fikira hii haikuzaliwa Hollywood peke yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa kuwatengenezea Waafrika sinema za mafunzo. Wataalamu wa sinema wa serikali za kikoloni walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha yenye mambo mengi, hivyo apewe picha nyepesi, ziendazo polepole. Mtaalamu wa serikali na mtungaji wa Mzuka hawakuhitaji kujuana. Wote wawili walianzia neno moja: kwamba mbele ya picha Mwafrika ataona uso, wala hataona kilicho nyuma ya uso.

Mwaka 1955 Columbia ilitaka kuendeleza kisa cha Mzuka. Haki za kulitumia jina zilipoleta matatizo, wakabadilisha jina na mavazi kidogo, wakachomeka na picha za ile sinema ya 1943, kisha wakaiuza kama sinema mpya ya vipande 15. Jina lake jipya likawa The Adventures of Captain Africa. Mzungu aliyefunika uso, John Hart, ndiye aliyekuwa Kapteni Afrika! Wakati huo TANU ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili tangu kuasisiwa Julai 7, 1954. Na katika mwaka huo huo wa 1955, mwezi wa Machi, katika nchi hiyo hiyo ya Marekani, Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York akaisemea Tanganyika. Hakuvaa barakoa. Alitaja jina lake, na chama chake, na watu waliomtuma. Mwaka mmoja, nchi moja, na makapteni wawili wa Afrika: msomaji na apime mwenyewe ni yupi aliyekuwa wa kweli.

Huenda mtu akasema kwamba hata sisi tuna vinyago, na kwamba mtu aliyejifunika uso akajifanya mzimu si mgeni Afrika. Ni kweli, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kwa Wamakonde, kusini mwa nchi yetu na kaskazini mwa Msumbiji, mchezaji wa mapiko au midimu hufunikwa mwili mzima, akavaa kinyago cha mti mwepesi, akatokea uwanjani kama mfu aliyerudi. Watoto hukimbia. Lakini katika jando huja saa ambapo kijana hukabiliana na kile alichokikimbia, akaonyeshwa kwamba ndani yake yumo mtu. Kuijua siri hiyo ndiko kuwa mtu mzima. Hatusemi mila hiyo haikuwa na upungufu, maana wanawake walitakiwa wabaki nje ya siri. Hata hivyo tazameni tofauti: kinyago chetu huvaliwa ili siku moja kivuliwe, barakoa ya Mzuka huvaliwa ili isivuliwe kamwe. Kinyago humkuza mtoto akawa mtu. Barakoa humfanya mtu mzima abaki mtoto hadi kaburini. Tena wachongaji hao hao waliwachonga maofisa wa kikoloni katika vinyago, wakawacheza na kuwacheka. Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

Hata mashujaa wetu wasiokufa hufa mbele ya macho yetu. Fumo Liyongo, ambaye sifa zake Muhammad Kijumwa alizitungia utenzi mwaka 1913, hakupenywa na silaha, ila sindano ya shaba kitovuni. Alipochomwa alipiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mwishowe mwili ukaanguka, na mji ukajua. Mtunzi wetu hakuuficha mwili huo, wala hakumvika mwingine nguo za marehemu. Ndivyo pia kwa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Imani ya kwamba risasi zitageuka maji ilikuwa yetu, na mwandishi wetu Ebrahim Hussein aliileta jukwaani katika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, akaihoji mbele ya wananchi. Huo ndio ukomavu wa utamaduni.

Watetezi wa Mzuka wana hoja zao. Husema kwamba hupigana na maharamia na wafanya biashara ya watumwa; kwamba huko Papua New Guinea, katika bonde la Wahgi, wapiganaji walimchora juu ya ngao zao; kwamba katika katuni za baadaye nchi yake ya Bangalla ilipewa Rais Mwafrika, Lamanda Luaga. Twajibu. Haki iletwayo kwa hadaa ni sadaka, na mpewa sadaka hana kura. Wale wa Wahgi walimchukua Mzuka wakamfanya kinyago chao, wakampeleka vitani kwa shabaha yao wenyewe. Hilo ni jambo la kusifiwa kwao, si kwake. Na kuhusu Rais Luaga, Mzuka hakutoka pangoni. Doria ya Msituni iliendelea kupokea amri za kamanda asiyejulikana. Nchi yenye bendera na Rais, na juu ya askari wake kamanda aliyefunika uso! Sisi wa bara hili hatuhitaji kufafanuliwa maana ya mfano huo.

Hatupendekezi marufuku. Kitu kilichofichwa huota pembe, na mtoto aliyekatazwa kutazama hujifunza kutazama kwa siri. Twapendekeza ambacho jando lilitufundisha. Mtoto na akabilishwe na Mzuka huyo, na mwalimu amwulize: ni nani ndani ya nguo hizi, nani ajua, nani hajui, na nani anafaidika na kutojua huko? Pamoja na hayo watengenezaji wa sinema zetu na watungeni mfululizo wa Liyongo, na wa wachezaji wa mapiko, wakimwacha shujaa afe inapompasa kufa.

Twayasema haya kwa sababu mtoto aliyelelewa na steringi asiyekufa atamtafuta huyo huyo ukubwani. Atamtaka kiongozi asiyehojiwa, asiyezeeka, na asiye na siku ya kuondoka. Tanzania ilijifunza lililo bora mwaka 1985, Mwalimu alipong'atuka mchana kweupe na mwingine akashika kwa jina lake mwenyewe. Atakayetuongoza na aje uso wazi, tumjue akija, na tumjue akiondoka.